Mafua ya Watoto Katika Miezi ya Joto: Yaliyotupata Dar es Salaam na Tunavyoishi Nayo Sasa

Kwa miaka mingi niliyahesabu mafua kuwa ugonjwa wa kipupwe, wa ile miezi ya Juni na Julai ambapo upepo wa kusi huleta ubaridi wa alfajiri na wakazi wa Dar es Salaam hutoa masweta kabatini. Kiangazi nilikiogopea mambo mengine: harara shingoni mwa watoto, maji kukatika, na umeme kuzimika usiku wakati feni ndiyo tegemeo la usingizi wa nyumba nzima. Hata hivyo, mafua mabaya kuliko yote yaliyowahi kuingia kwetu yaliingia Januari, kaskazi ikivuma na joto la mchana likipita nyuzi 32, na yalimfikisha mtoto wetu mdogo wodini. Ninayaandika haya kwa wazazi wenzangu wa ukanda wa pwani ambao huenda nao wanaamini kwamba mtoto mwenye makamasi wakati wa joto ama amepigwa na feni, ama amekula barafu.

Wakati huo binti yetu alikuwa na miaka mitano na ndiyo kwanza anaingia darasa la awali, na mdogo wake wa kiume alikuwa na miezi saba. Desemba tulikwenda Tanga kwa mama mkwe wangu, katika basi lililojaa hadi kwenye njia ya katikati, tukahudhuria harusi ambayo mtoto mchanga alipita mikononi mwa shangazi wote na kubusiwa na kila mmoja wao. Tulirudi Mbagala wazima. Shule zilipofunguliwa, binti alisimulia kwamba mwalimu wao anapiga chafya na wenzake wengi hawana leso. Kabla ya wiki kwisha alirudi na makamasi, akalala siku moja, akaamka akicheza. Tulishukuru Mungu kwamba limepita, bila kufikiri kwamba kila anapotoka shule, kabla hata ya kuvua viatu, kitu cha kwanza anachofanya ni kumkumbatia mdogo wake na kumpa kidole anyonye.

Baadaye nilielezwa mambo ambayo yangenisaidia kama ningeyajua mapema. Virusi vinavyoleta mafua ni zaidi ya aina 200, na ndiyo sababu mtu hawezi kuugua mara moja akamalizana navyo. Mtoto mdogo mwenye afya njema kwa kawaida hupata mafua mara sita hadi nane kwa mwaka, na anayeanza shule au kulelewa pamoja na watoto wengine anaweza kuzidisha hapo. Kwa hiyo mzazi anayeona mtoto wake anaugua mafua mara kwa mara hapaswi kudhani kwamba damu yake ni dhaifu au kwamba kuna jicho baya. Virusi hivyo havitoki katika ubaridi. Hutoka puani na vinywani mwa watu, huhama kwa mikono, vikombe, taulo na chafya, na hukaa kwa saa kadhaa juu ya vitu vinavyoshikwa na wengi. Joto la kiangazi haliwazuii watoto kukaa arobaini au hamsini katika chumba kimoja cha darasa, na ninaamini kufunguliwa kwa shule kulituletea mafua kuliko hali yoyote ya hewa.

Nyumbani, lakini, mdogo wake alipoanza kuugua mafua, mjadala wa kwanza ulikuwa juu ya feni. Mimi na mke wangu tulizozana kwa sauti ambayo majirani waliisikia: yeye alitaka izimwe kabisa, mimi nilitaka iendelee kwa sababu chumba kilikuwa kinachemka. Iliishia kuzimwa, madirisha yakafungwa ili upepo usimwingie mtoto, naye akavishwa sweta, soksi na kofia ya sufi. Usiku ule mwili wake ulikuwa wa moto kiasi kwamba hatukuweza kujua ipi ni homa na ipi ni joto la nguo. Muuguzi aliyemwona baadaye alimvua vyote, akasubiri kidogo, kisha ndipo akampima, na kipimo kikasoma chini kuliko tulivyotarajia. Tangu siku hiyo msimamo wetu ni huu: feni huwashwa kwa mwendo mdogo na huelekezwa ukutani, isimpulizie mtoto usoni, kwa kuwa upepo wa moja kwa moja hukausha pua na kumfanya akohoe zaidi, dirisha hubaki wazi ili hewa ya chumba ibadilike, mtoto huvaa nguo moja nyepesi ya pamba. Dirisha likiwa wazi mbu huingia, basi chandarua ni lazima, na dawa ya mbu ya kuchoma tumeiacha, maana moshi wowote chumbani humtesa mtoto mwenye mafua. Jiko la mkaa nalo tumelihamishia barazani. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba moshi wa kupikia ndani ya nyumba unakaribia kuongeza maradufu hatari ya nimonia kwa watoto wadogo, na kwa nyumba zetu za vyumba viwili hilo si jambo la kulipuuza.

Siku ya pili nilikwenda duka la dawa la mtaani. Sikuwa na cheti, nilieleza tu kwamba mtoto ana mafua na kikohozi, na nikatoka na chupa tatu: dawa ya maji ya kikohozi, dawa ya mzio ya kukausha makamasi, na amoksilini, dawa ya kuua bakteria, ya unga wa kuchanganya na maji. Zilinigharimu zaidi ya shilingi 20,000. Simlaumu muuzaji peke yake, kwa sababu mteja anayefika dukani saa mbili usiku na uso wa hofu hataki kuambiwa arudi nyumbani akamnyonyeshe mtoto, anataka chupa. Lakini katika zile chupa tatu hakuna iliyokuwa na kazi ya kufanya. Dawa za kuua bakteria haziui virusi, na makamasi kugeuka manjano au kijani si ushahidi kwamba bakteria wameingia, kwani hugeuka hivyo katika mafua ya kawaida yanayoelekea kupona. Dawa za kikohozi na mafua hazipendekezwi kwa watoto wadogo. Nchini Marekani mamlaka ya chakula na dawa ilionya mwaka 2008 kwamba zisitumike kwa walio chini ya miaka miwili, na watengenezaji wenyewe wakaandika kwenye maboksi kwamba zisitumike kwa walio chini ya minne.

Ile dawa ya mzio ndiyo iliyotutia katika hatari kubwa zaidi, nami sijaona jambo hili likisemwa vya kutosha. Dawa hizo humlaza mtoto. Wetu alilala kutwa nzima, nasi tukafurahi kwamba amepata nafuu, kumbe alikuwa hanyonyi kama kawaida na hatukuwa na namna ya kutofautisha usingizi wa dawa na ule ulegevu wa mtoto anayezidiwa. Mtoto mwenye mafua anayelia na kusumbua humwezesha mzazi kujua hali yake. Akilazwa kwa dawa, anakuwa amenyang'anywa njia yake ya pekee ya kusema.

Katika siku hizo jirani yetu, mama mtu mzima anayeheshimika mtaani, alikuja kutujulia hali. Alimsikiliza mtoto anavyokohoa, akamwambia mke wangu, "Mwanangu, huyu ana kimeo. Msihangaike na hospitali, kuna mzee huku nyuma anakata vizuri." Mke wangu alimjibu kwa adabu, "Ahsante mama, nitazungumza na baba yake," na tukaliacha hapo. Ninalitaja kwa sababu najua ni wazazi wangapi hawakuliacha hapo. Kimeo ni kiungo cha kawaida ambacho kila mtu anacho nyuma ya koo, na hakisababishi kikohozi. Kukikata kwa kisu au kwa uzi, mikononi mwa mtu asiye na vifaa safi, kumewaletea watoto kutokwa na damu nyingi, maambukizi na vifo. Kikohozi cha mafua hupungua chenyewe kadiri siku zinavyopita, na kwa hiyo mkataji hupata sifa ya kuponya kitu kilichokuwa kikipona.

Usiku wa nne hivi, mtoto alianza kutoa sauti kama filimbi kifuani kila anaposhusha pumzi. Tulichukua bajaji hadi zahanati binafsi iliyo karibu, tukalipia kumwona daktari na mashine ya mvuke, tukaambiwa turudi nyumbani. Kulipopambazuka hakuwa na nafuu, ndipo tukaenda hospitali ya serikali. Nilikuwa nimeanza kueleza historia yote ya chupa na feni wakati muuguzi aliponikatisha kwa upole: "Baba, mfunue kifua kwanza tumhesabie pumzi." Aliinua fulana ya mtoto hadi juu ya chuchu, akamwacha atulie kifuani kwa mama yake, akatazama saa yake na tumbo la mtoto bila kusema neno kwa dakika nzima. Pumzi 62. Kisha akanionyesha kwa kidole sehemu ya chini ya mbavu, mahali ambapo ngozi ilikuwa inabonyea ndani kila mtoto anapovuta hewa. Nilikuwa nimemtazama mtoto huyo usiku kucha na sikuwa nimekiona, kwa sababu alikuwa ndani ya sweta.

Alichofanya muuguzi yule kila mzazi anaweza kukifanya, tena hakina gharama. Mtoto awe ametulia, asiwe analia wala ananyonya. Mfunue tumbo na kifua, penye mwanga. Kupanda na kushuka kwa tumbo ni pumzi moja. Hesabu kwa dakika nzima kwa saa ya simu, usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, kwa kuwa watoto wadogo hupumua kwa vipindi, mara haraka mara polepole. Kwa mtoto aliye chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno. Kuanzia miezi miwili hadi kabla ya kutimiza mwaka, kipimo ni 50. Kuanzia mwaka mmoja hadi mitano, ni 40. Vipimo hivi ndivyo vinavyotumiwa na wahudumu katika vituo vyetu kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Pumzi zikifika hapo, au kifua kikibonyea ndani, hilo si suala la duka la dawa. Vivyo hivyo mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyelegea kiasi kwamba haamki vizuri, au aliyepata degedege. Na mtoto aliye chini ya miezi miwili akiwa na homa yoyote hapaswi kusubiri kuche.

Mtoto alipimwa malaria kwa kipimo cha haraka, akawa hana. Kipimo hicho kisirukwe hata kama makamasi yanaonekana kwa macho, hasa kwa familia iliyotoka safarini, kwani mafua na malaria vinaweza kukutana katika mwili mmoja. Kipimo cha kidoleni kilionyesha kwamba oksijeni katika damu yake ilikuwa chini ya asilimia 90, akawekewa oksijeni ya puani, akalazwa. Daktari alisimamisha dawa zetu zote na kutueleza kwamba njia ndogondogo za hewa mapafuni zimevimba, hali ambayo kwa watoto wa umri huo husababishwa zaidi na kirusi kiitwacho RSV. Mtu mzima mwenye afya njema au mtoto wa miaka mitano akikipata kwa kawaida huugua mafua tu, lakini njia za hewa za mtoto wa miezi saba ni nyembamba mno, na uvimbe mdogo hutosha kuzibana.

Jambo lililonishangaza baadaye ni kwamba Januari yetu haikuwa ya ajabu. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na wa Wellcome Trust, shirika la Uingereza linalofadhili utafiti wa afya, walioko Kilifi, katika pwani ya Kenya, wamefuatilia kirusi hicho kwa miaka mingi, na wameona kwamba mlipuko wake wa kila mwaka kwa kawaida huanza katika miezi ya mwisho ya mwaka na kuendelea hadi miezi ya mwanzo ya mwaka unaofuata. Hiyo ndiyo miezi yetu ya joto, na ni pwani ileile ya Bahari ya Hindi. Sisi tulikuwa tunangoja adui Julai.

Alitoka hospitali baada ya siku chache, akinyonya vizuri. Sera ya nchi inawasamehe watoto walio chini ya miaka mitano malipo ya matibabu katika vituo vya serikali, lakini ukijumlisha duka la dawa, zahanati binafsi, bajaji za usiku, chakula cha mama wodini na siku ambazo sikwenda kazini, tulitumia zaidi ya shilingi 150,000, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilitoka kabla hatujafika mahali pa kusaidiwa.

Mwaka uliofuata tulijipanga tangu Novemba. Tulianza na kadi ya kliniki. Chanjo ya nimokoko, ambayo Tanzania imekuwa ikiitoa katika chanjo za kawaida tangu mwaka 2013, hutolewa katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Haizuii mafua, lakini huzuia aina nyingi za nimokoko, bakteria wanaopenda kuingia mapafuni baada ya mafua. Surua nayo, inayochanjwa miezi 9 na 18, huanza kwa makamasi, kikohozi na macho mekundu, hivi kwamba siku za mwanzo hudhaniwa kuwa mafua. Kisha tukaweka ndoo yenye koki na kipande cha sabuni nje ya mlango wa mbele. Binti akitoka shule hunawa kwa maji tiririka hadi viwiko, hubadilisha sare, ndipo amguse mdogo wake. Ilichukua muda kuzoea, na siku za maji kukatika tulibeba madumu kwa ajili ya ndoo hiyo kabla ya kufikiria kufua. Kila mmoja ana taulo lake na kikombe chake. Kuhusu ashkrimu, hatukumkataza, kwa sababu barafu haina kosa. Tulichomweleza ni kwamba ashkrimu ya mfuko inayopita vinywa vya marafiki watatu mbele ya geti la shule inabeba mafua ya wote watatu.

Lililokuwa gumu zaidi ni wageni. Katika utamaduni wetu huwezi kumwambia shangazi aliyesafiri kutoka Muheza asimbusu mtoto. Aliyetuokoa ni mama mkwe. Nilimpigia simu, nikamwamkia, nikamweleza alichosema daktari, naye akalichukua jambo likawa lake. Sasa yeye ndiye anayewaambia wageni, kwa sauti ya mtu ambaye hakuna wa kumpinga, kwamba mwenye mafua amsalimie mtoto kwa mbali, na kwamba miguu ya mtoto inatosha kubusiwa.

Mafua yalikuja hata hivyo, kwa sababu hayana budi kuja. Tofauti ilikuwa katika namna ya kuyahudumia. Pua ndiyo hushughulikiwa kwanza, maana mtoto anayenyonya hawezi kuvuta titi na hewa kwa mdomo mmoja. Tunachemsha maji, tunayaacha yapoe, tunatia nusu kijiko cha chai cha chumvi katika kikombe cha robo lita, na matone mawili au matatu huingia katika kila tundu la pua muda mfupi kabla ya kunyonya, kisha makamasi yaliyolainika hufutwa kwa kitambaa safi. Maji hayo hutengenezwa mapya kila siku. Mtoto huogeshwa kama kawaida kwa maji ya uvuguvugu, jambo ambalo bibi alilipinga mwanzoni. Katika joto la Februari, mtoto asiyeogeshwa kwa sababu ya mafua huishia na mafua pamoja na harara.

Kunyonyesha huongezwa, mara nyingi na kwa muda mfupi mfupi, hata mama akiwa na mafua yeye mwenyewe. Mtoto aliye chini ya miezi sita hahitaji maji hata joto likiwa kali vipi, kwa kuwa maziwa ya mama kwa sehemu kubwa ni maji. Mkubwa hupewa maji, uji mwepesi, supu, na dafu likipatikana. Tunatazama mkojo: nepi ikikaa kavu kwa saa nyingi, au mkojo ukiwa wa rangi nzito, kinywaji hakitoshi.

Homa tunaipima kwa kipimajoto kwapani, baada ya kupunguza nguo. Ikifika nyuzi 38.5, au akiwa anateseka, hupewa dawa ya maji ya parasetamoli kwa uzito wake, miligramu 15 kwa kila kilo kwa kiwango cha juu, na isizidi mara nne kwa siku. Mtoto wa kilo 8 hupata miligramu 120, ambazo ni mililita 5 za ile chupa yenye miligramu 120 kwa kila mililita 5, lakini zipo chupa zenye nguvu mara mbili ya hiyo, basi lebo isomwe kila mara na kipimio kilichokuja na dawa kitumike, siyo kijiko cha jikoni. Aspirini haipewi mtoto kabisa. Asali huyatuliza makoo ya wakubwa vizuri, na binti yetu hupewa kijiko kimoja kabla ya kulala, lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka asilambishwe hata kidogo, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vya sumu ambavyo utumbo wake hauwezi kuvidhibiti. Nyungu tumeikataa kwa watoto wote wawili. Sufuria ya maji yanayochemka chini ya shuka, na mtoto anayejinyonganyonga mapajani, ni ajali inayosubiri wakati wake.

Na kila jioni, mradi mafua yapo ndani ya nyumba, mmoja wetu huinua fulana ya mtoto akiwa amelala na kuhesabu kwa dakika nzima, kisha huandika idadi nyuma ya kadi ya kliniki. Mafua huisha kwa siku saba hadi kumi. Kikohozi kinaweza kubaki nyuma kwa wiki moja zaidi, na kama mtoto anacheza na kula hatukikimbizi popote. Homa ikipita siku tatu, au sikio likianza kuuma au kutoa usaha, tunakwenda kituoni. Kikohozi kikivuka wiki mbili bila dalili ya kupungua, tunakwenda pia, ili aangaliwe kama ana pumu au kifua kikuu.